Ndoano, Wavu na Taa: Historia ya Uvuvi wa Sangala Bujumbura

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilizaliwa mwambao wa bahari, lakini yawahusu pia watu wa Ziwa Tanganyika. Mtu asimamaye ufukoni mwa Bujumbura katika usiku usio na mbalamwezi huona taa nyingi zikielea mbali, kuelekea upande wa Uvira. Taa hizo zimeundwa, na zimeundwa juzi tu. Babu za wavuvi wanaozitumia hawakuzijua. Makala haya yakusudia kueleza jinsi zana za uvuvi zilivyobadilika katika ncha ya kaskazini ya ziwa letu tangu karne ya 19 hadi leo, na jinsi mabadiliko hayo yalivyomfikia samaki mmoja mashuhuri, sangala. Nitajaribu kuonyesha kwamba sangala hakupungua kwa sababu ya chombo kimoja, bali kwa kuwa alivuliwa katika ncha mbili za maisha yake kwa wakati mmoja; na kwamba ujuzi wa ndoano, ambao wengi wetu twaudhania kuwa ni kazi ya wazee na watoto, una jambo la kutufundisha.

Sangala ni nani?

Kwanza hatuna budi kuyaweka majina sawa, maana jina likikosewa, hoja nzima hupotoka. Wasomaji wa Mwanza, Kisumu na Kampala wanamjua sangara wa Ziwa Viktoria. Huyo ni Lates niloticus, mgeni aliyeingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Samaki wa jamii hiyo walio katika Tanganyika ni ndugu zake, lakini wao si wageni: ni wenyeji wa ziwa hili, wala hawana asili mahali pengine popote. Wako wanne. Mdogo wao ni Lates stappersii, ambaye Bujumbura twamwita mukeke na watu wa Kigoma humwita mgebuka. Watatu waliobaki, yaani Lates mariae, Lates angustifrons na Lates microlepis, ni wakubwa zaidi. Angustifrons aweza kuzidi urefu wa mita 1. Wavuvi hawakosi majina ya kuwatofautisha, lakini katika makala haya nitawaita wote watatu sangala, ili nisimchoshe msomaji.

Sangala na mukeke ni samaki walao samaki. Chakula chao kikuu katika maji ya wazi ni dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala. Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ni samaki wadogo, wenye maisha mafupi, wazaao kwa wingi na kwa haraka. Sangala ni kinyume chao: hukua taratibu, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Msomaji na aishike tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Jambo la pili la kukumbuka ni umbo la ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670 na kina cha mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa. Katika dunia nzima ni Baikal pekee lililizidi kwa kina. Hata hivyo, kina hicho kikubwa hakina faida kwa samaki. Hewa ya kupumulia huishia juu. Upande wetu wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi maji hayana tena oksijeni ya kumtosha samaki. Kwa hiyo samaki wote huishi katika tabaka jembamba la juu na kandokando ya pwani. Ziwa laonekana kama ghala lisilo na mwisho, ilhali ghala hilo lina rafu moja tu.

Kabla ya karabai

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na mwezi Aprili mwaka uleule wakasafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitafuta habari za mto Rusizi. Henry Stanley na David Livingstone walifika kwenye mlango wa mto huo mwezi Novemba 1871, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Vitabu vya shule vimewasifu sana wasafiri hao. Havikuwasifu kwa kiasi hichohicho wapiga makasia waliowachukua, watu ambao habari ya Rusizi haikuwa siri kwao, na ambao walizijua pepo, miamba na hori za ziwa kama mkulima ajuavyo mipaka ya shamba lake. Wengi wa watu hao wa ziwani walikuwa wavuvi pia.

Zana zao zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na mahali pake. Kwa dagaa, mvuvi alitoka usiku wa giza kwa mtumbwi wa gogo, akawasha moto wa kuni au mienge ya matete kwenye omo. Dagaa walipokusanyika kwenye mwanga, aliwachota kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko uliofungwa kwenye duara la mti wenye mpini mrefu. Katika vijito na vilango vya mito alitega migono ya kusuka. Kwa samaki wakubwa alikuwa na ndoano za chuma zilizofuliwa na wahunzi, na nyuzi zilizosokotwa kwa nyugwe za mimea. Ufukoni palivutwa makokoro yaliyofumwa kwa nyuzi hizohizo, mafupi kuliko ya leo, kwa kuwa uzi wa mmea ni mzito ukilowa maji, huoza upesi, na kuufuma huchukua miezi.

Ni kosa kudhani kwamba wazee hao waliliheshimu ziwa kwa wema wa mioyo yao tu. Walikuwa watu kama sisi. Kama wangaliweza kuvua zaidi, yamkini wangalivua zaidi. Mipaka yao iliwekwa na zana. Moto wa kuni huangaza hatua chache, hauhimili upepo, na humlazimisha mvuvi kukaa karibu na nchi kavu. Maji ya wazi, ambako sangala wazima hufuata makundi ya dagaa, yalibaki kuwa hifadhi isiyohitaji sheria wala askari.

Kiswahili nacho kilishuka ziwani katika zama hizo. Misafara ya pwani ilipoufanya Ujiji kuwa kituo chake, bidhaa za ziwa zilikutana hapo: chumvi ya Uvinza, mawese ya pwani ya Urundi, na samaki wakavu. Kwa njia hiyo msamiati wa mvuvi wa bahari ulikutana na msamiati wa mvuvi wa ziwa. Maneno kama mshipi, chambo, chubwi na chelezo yalikaa pamoja na lusenga na ndagala, na hata leo mzee wa Buyenzi au Rumonge huyachanganya katika sentensi moja bila kujali lipi lilitoka wapi.

Mji wenye njaa ya samaki

Mwaka 1897 Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi mahali palipoitwa Usumbura. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji huo, na baadaye ukawa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Jina la Bujumbura lilishika nafasi yake nchi ilipopata uhuru mwaka 1962. Katika miongo hiyo mji ulipokea makarani, wachukuzi, mafundi na wafanya biashara, wengi wao wakitoka Ujiji, Uvira na sehemu nyingine za Kongo, wakakaa katika mitaa ya Waswahili kama Buyenzi. Watu hao hawakuwa na mashamba. Walihitaji kitoweo cha bei nafuu, kikavu, kisichooza upesi. Dagaa walikidhi haja hiyo kikamilifu, na sangala akawa samaki wa mwenye nacho na wa siku ya karamu.

Serikali ya Ubelgiji ilianza kulitazama ziwa kwa jicho la hesabu. Katika miaka ya 1946 na 1947 ilituma msafara wa wataalamu kulichunguza. Miongoni mwao alikuwamo Max Poll, ambaye maandishi yake juu ya samaki wa Tanganyika yanasomwa hadi leo. Haukupita muda mrefu baada ya msafara huo uvuvi ukabadilika kabisa.

Mabadiliko ya miaka ya 1950 yaliletwa na vitu vitatu vilivyokuja karibu pamoja. Cha kwanza kilikuwa karabai, taa ya mafuta yenye kupigwa pampu, ambayo mwanga wake haulinganishwi na ule wa mwenge. Cha pili kilikuwa uzi wa nailoni, usiooza na usionyonya maji, ulioruhusu wavu mpana kuvutwa na watu wachache. Cha tatu kilikuwa injini, iliyompeleka mvuvi mbali na ufuko na kumrudisha kabla samaki hawajaharibika.

Vitu hivyo vitatu viliunganishwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa ya wenye mitaji. Wafanya biashara wa Kigiriki waliokuwa wamekaa Usumbura walianzisha, katikati ya miaka ya 1950, uvuvi wa nyavu za kuzingira. Chombo kikuu cha chuma kilitoka jioni kikifuatana na mashua ya wavu na mashua ndogo za taa. Taa ziliwashwa mbalimbali, samaki wakakusanyika kwa saa kadhaa, kisha wavu ukazungushwa kulizunguka kundi zima na kufungwa chini kwa kamba, mfano wa mfuko ufungwao mdomo. Namna ya pili ilikuwa ya wananchi wa kawaida. Mashua mbili ziliunganishwa kwa miti, wavu ukateremshwa chini yake, taa zikaning'inizwa juu, na samaki walipokwisha kukusanyika wavu uliinuliwa kwa mikono. Namna hii ilienea pwani nzima, na nyavu zilizokuja kuwa kubwa zaidi zikaitwa apollo, jina zilitumialo hadi sasa.

Namna zote mbili zilitii mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu, kwa kuwa ziwa zima limeangazwa. Ndiyo maana tangu wakati huo kalenda ya wavuvi wa Bujumbura imegawanyika sehemu mbili: majuma ya giza, ambayo ni ya kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo ni za kushona nyavu na kulipa madeni.

Ncha mbili za maisha

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Nyavu za kuzingira zilikusudiwa dagaa. Lakini mwanga uwavutao dagaa huwavuta pia wanaowala, na wavu usiochagua uliwachukua wote. Katika miaka ya mwanzo vyombo hivyo vilipata sangala wakubwa kwa wingi. Kisha sangala wakaanza kupungua katika maji yaliyovuliwa sana, na wavu ukabaki kuleta dagaa na mukeke. Jambo hilohilo lilionekana baadaye upande wa kusini, huko Zambia, uvuvi wa namna hiyo ulipoanzishwa miaka ya 1960. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya ya mahali pamoja. Ilikuwa tabia ya chombo.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mukeke alidumu na sangala hakudumu, ilhali wote walikuwa wakifuata chakula kilekile na kunaswa na wavu uleule? Sehemu ya jibu ni ule ukuaji wa taratibu niliokwisha kuutaja. Sehemu nyingine iko katika malezi. Watoto wa mukeke hukulia katika maji ya wazi, mbali na mikono ya watu wa ufukoni. Watoto wa sangala hupitia utoto wao kandokando ya pwani, katika magugu ya majini, mahali palepale ambapo kokoro huvutwa. Kokoro la nailoni lenye macho madogo hufagia magugu hayo mchana kutwa, na baadhi ya watu wamefikia hata kulifuma kwa vyandarua vya mbu. Visamaki vinavyotoka humo, vyenye urefu wa kidole, huanikwa pamoja na dagaa na kuuzwa kwa jina la dagaa.

Hivyo sangala alipigwa mara mbili. Mzazi alichukuliwa na wavu wa kuzingira katika maji ya wazi, na mtoto akachukuliwa na kokoro katika magugu. Mwenye chombo cha chuma aliweza kumlaumu mvuta kokoro, na mvuta kokoro akamlaumu mwenye chombo. Kila mmoja alisema kweli juu ya mwenzake.

Ni haki kuongeza neno moja la kutetea taa. Wapo wanaoilaani kana kwamba ndiyo asili ya mabaya yote. Mimi sikubaliani nao. Taa iliulisha mji. Dagaa huzaa upesi, na wakivuliwa kwa kiasi, hujaza pengo lao kila mwaka. Familia nyingi za Bujumbura zimesomesha watoto kwa fedha ya dagaa. Kosa halikuwa katika kumvua dagaa kwa mwanga, bali katika kuvitumia vyombo vya samaki wa mwaka mmoja juu ya samaki wa miaka mingi.

Ustadi wa ndoano

Wakati nyavu zikikua, ndoano haikutoweka. Ilibaki mikononi mwa mvuvi mwenye mtumbwi mmoja, asiye na mtaji wa wavu wala mafuta ya taa. Inafaa tuueleze ustadi wake kwa makini, kwa kuwa haukuandikwa sana, na kwa kuwa mtu aweza kuutumia hata leo.

Mvuvi wa sangala huanza na chambo. Chambo kilicho bora ni samaki mdogo aliye hai, na aliye bora kuliko wote ni dagaa aliyechotwa usiku uleule. Huchomwa mgongoni, chini kidogo ya pezi, ili aendelee kuogelea. Akichomwa kichwani hufa, na sangala ni samaki apendaye windo linalokimbia. Ndoano iwe kubwa kuliko mgeni anavyodhani. Sangala ana kinywa kipana, naye humeza windo zima. Ndoano ndogo huleta watoto, ndoano kubwa huwaacha watoto wapite. Hapo ndipo ndoano ipatapo sifa ambayo kokoro na wavu wa kuzingira havina: humchagua samaki kabla ya kumkamata.

Uzi uwe mnene, na sehemu iliyo karibu na ndoano iwe imara zaidi, kwa sababu kifuniko cha shavu la sangala kina kingo kali zinazoweza kukata uzi wa nailoni kama wembe. Kwa sababu hiyohiyo mvuvi mzoefu hamshiki sangala kwa kumtia vidole mashavuni. Humwinua kwa taya au kwa wavu mdogo wa mkono. Chubwi liwe zito kiasi cha kuufikisha uzi chini bila kumzuia chambo kuogelea. Mahali ni penye mwamba, hasa pale pwani inapoporomoka ghafla kwenda kwenye kina, kwa kuwa sangala wakubwa hupenda kujificha kwenye miamba na kuvizia. Saa ni mbili: jua linapozama na kabla halijachomoza. Na kuna faida ambayo wenye taa hawana. Siku za mbalamwezi, apollo zikiwa ufukoni, mvuvi wa ndoano aweza kutoka, kwa kuwa yeye hategemei giza.

Samaki akishika, kosa la mwanafunzi ni kuvuta mara moja. Mzoefu huachia uzi hatua mbili tatu mpaka samaki ageuke na kukifunga kinywa, ndipo huvuta kwa nguvu moja, kisha humchosha polepole, akiuacha uzi uende anapokwenda na kuukusanya anapotulia. Hakuna haja ya pupa. Kamba iliyolegea humpoteza samaki, na kamba iliyokazwa kupita kiasi hukatika. Ustadi wote uko katikati.

Kwa mukeke kuna mtindo mwingine. Mukeke huenda kwa makundi, naye huwafuata dagaa hadi chini ya taa. Mvuvi huteremsha mshipi wenye ndoano kadhaa zisizo na chambo, kila moja ikiwa imefungwa unyoya mweupe au kitu chochote kinachong'aa, akawa anauinua na kuushusha katikati ya maji ili ndoano zifanane na dagaa wanaoruka. Wako pia watumiao mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, unaolazwa jioni na kuinuliwa asubuhi, ambao watu wa pwani ya bahari huuita dhulumati.

Vita, utafiti na sheria

Vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 viliathiri ziwa kama vilivyoathiri nchi kavu. Nyakati nyingine wavuvi walikatazwa kutoka usiku kwa sababu za usalama, na uvuvi wa taa bila usiku hauwezekani. Vyombo vikubwa vya kuzingira, ambavyo tayari vilikuwa vikipata hasara, vilitoweka kaskazini. Baadhi vilihamia kusini. Uvuvi ukarudi mikononi mwa wenye apollo, wenye nyavu za kutega na wenye ndoano. Msomaji angetazamia kwamba sangala wangerudi kwa wingi baada ya vyombo hivyo kuondoka. Hawakurudi kama ilivyotazamiwa, kwa kuwa ncha ile nyingine, yaani kokoro na macho yake madogo, ilibaki palepale, tena watu walikuwa wameongezeka.

Katika miaka hiyohiyo ya taabu elimu iliongezeka. Mwaka 1992 ulianzishwa mradi wa utafiti uliosimamiwa na FAO na kusaidiwa na serikali ya Finland, ukiwa na makao yake hapa Bujumbura. Watafiti wa nchi zote nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, walipima maji na kuhesabu mitumbwi, wakakadiria kwamba ziwa lilitoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka. Mwaka 2003 wataalamu wengine waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na kwamba tabaka la juu halichanganyiki tena na la chini kama zamani, ilhali mchanganyiko huo ndio uletao juu mbolea ya kulisha vijimea na dagaa. Walikadiria kwamba jambo hilo pekee laweza kuwa limepunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Habari hii ni nzito, kwani yatuonyesha kwamba hata kama wavuvi wote wangekuwa watakatifu, ziwa la leo lisingekuwa na uwezo wa ziwa la 1950.

Mwaka huohuo wa 2003, mwezi Juni, nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, na mwaka 2008 Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaanza kazi, makao yake yakiwa Bujumbura. Jambo la karibuni zaidi ni kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi jirani. Sheria hiyo ina maana, lakini ina gharama: miezi 3 bila ziwa ni miezi 3 bila fedha kwa mtu asiye na shamba. Aidha, kupumzisha ziwa zima huwasaidia zaidi dagaa, ambao miezi michache kwao ni sehemu kubwa ya maisha. Kwa sangala, anayehitaji miaka, dawa ni nyingine: kuyaacha magugu ya pwani bila kokoro mwaka mzima, na kuacha wazazi wachache waishi.

Wajibu wetu

Mwalimu wa Kiswahili aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Kazi ya kuhesabu samaki ni ya wataalamu, na kazi ya kukamata makokoro haramu ni ya serikali. Jibu langu ni kwamba sheria husomwa kwa maneno, na maneno ni mali yetu.

Siku moja niliwataka wanafunzi wangu waandike majina ya zana za uvuvi wanazozijua. Walikuwa watoto wa mji huu, na baadhi walikuwa watoto wa wavuvi. Wote waliandika wavu, mtumbwi na taa. Wachache waliandika ndoano. Ni mmoja tu aliyeandika lusenga, naye alilipata neno hilo kwa bibi yake. Nilipouliza tofauti ya mtoto wa sangala na dagaa, darasa zima lilinyamaza. Kimya kile kilinitia huzuni kuliko makosa ya sarufi. Mtoto asiyeweza kumtaja samaki hawezi kuona kwamba amekwisha; ataula mchanganyiko ulio katika kibaba na kuuita wote ndagala.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu mambo mawili mepesi. La kwanza, tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee wa ufukoni, hapa mjini na huko Rumonge na Nyanza-Lac, wakaandike majina ya samaki, ya zana na ya pepo, pamoja na maelezo ya matumizi yake, kabla ya wenye majina hayo kututangulia mbele ya haki. La pili, insha na ufahamu tunaowapa wanafunzi vitokane pia na ziwa. Kanuni za ndoano nilizozieleza hapo juu ni somo zuri la lugha ya maelekezo kuliko mengi yaliyomo vitabuni, na ndani yake mna somo jingine: kwamba mtu aweza kuvua na bado akachagua.

Husemwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo twaitumia kuhusu malezi ya watoto, na mara nyingi tumesahau kwamba ina samaki ndani yake. Watoto wa sangala wamo katika magugu, umbali wa hatua chache kutoka mchangani, nao hawajakwisha. Watoto wa watu wamo katika madarasa yetu. Tukiwafundisha hawa kuwatambua wale, huenda siku moja mvuvi wa Bujumbura akamwinua sangala mkubwa kutoka majini, na mtoto aliye kando yake akajua jina lake.